Silinda iliyokatwa: sahihisho kwa maelezo ya picha yenu ya Webley

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua. Chini ya picha ya rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya Webley Mk VI mliyoichapisha kwenye ukurasa wa historia, mliandika kwamba hiyo ni "bastola ya .45", na kwamba risasi zake hadi leo zinauzwa madukani huko Marekani. Kosa la kwanza ni la tarakimu moja tu, na wengi watasema tunatafuta chawa kwenye upara. La pili linaweza kumpotezea mtu vidole.

Webley Mk VI ilitoka kiwandani ikiwa .455, yaani upana wa risasi yake kwa inchi. Jeshi la Uingereza liliipokea rasmi tarehe 24 Mei 1915, ikatengenezwa Birmingham na kampuni ya Webley & Scott, na kati ya 1921 na 1926 ikatengenezwa pia katika kiwanda cha serikali cha Enfield. Mtutu wake ni inchi 6, silinda ina vyumba 6, na uzito wake unazidi kilo moja kidogo. Hufunguka kwa kukunjika: unabonyeza kitasa kwa kidole gumba, mtutu unainamia mbele kwenye bawaba, na nyota iliyo katikati ya silinda inanyanyuka na kusukuma maganda yote sita kwa mpigo. (Ilitengenezewa hata singe ya kuchomeka mbele ya mtutu, iitwayo Pritchard. Yeyote aliyeishika mkononi atakwambia kwamba chombo hicho kilipendeza zaidi kwenye picha kuliko kwenye handaki.) Maofisa wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, walikuwa na Webley viunoni wakati wa vita vya Afrika Mashariki, na ndiyo maana aina hizi zinaonekana katika makabati ya makumbusho yetu, na mara nyingine chini ya masanduku ya marehemu babu.

Risasi yake ni nene na ya polepole. Kichwa ni cha madini laini ya risasi tupu, kina uzito wa gramu 17 hivi, na kitako chake kina shimo. Shimo hilo lina kazi, na tutalirudia. Ganda lina ukingo mwembamba nyuma, unene wake kama milimita 1, na ukingo huo ndio unaolizuia ganda lisizame ndani ya chumba na ndio unaoshikwa na nyota wakati wa kutoa.

Sasa, hiyo ".45" ilitoka wapi? Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Webley nyingi zilizoachwa na jeshi ziliuzwa Marekani kwa bei ya chini. Risasi za .455 huko zilikuwa adimu na ghali, ilhali .45 ACP, ile ya bastola ya jeshi lao ya Colt M1911, ilikuwa imejaa kila duka. Wauzaji wakaona njia ya mkato: wampe fundi bunduki silinda, aiweke kwenye mashine ya kukereza, apunguze uso wake wa nyuma. Kazi ya muda mfupi, na bastola isiyouzika ikawa inauzika.

Hesabu yake ndiyo hii. Risasi ya .45 ACP haina ukingo unaotokeza nje, ina mfuo tu kuzunguka kitako, kwa hiyo nyota haina cha kushika. Kwa rivolva zao za M1917, Wamarekani walikwisha kuitatua shida hiyo kwa klipu ya nusu mwezi, kipande cha bati la chuma kinachobana risasi tatu kwenye mfuo wake, klipu mbili kwa silinda moja. Mwaka 1920 kampuni ya Peters ikatoa ganda lingine, .45 Auto Rim, lenye ukingo mnene uliojaza nafasi ya klipu. Ukingo huo una milimita 2.3. Ukitoa ile milimita 1 ya .455, inabaki 1.3. Hicho ndicho chuma alichokula fundi: milimita 1.3 kutoka nyuma ya silinda, huku akiyaacha meno ya katikati yanayozungusha silinda yasimame kama yalivyokuwa. Akiyagusa na hayo, silinda itacheza mbele na nyuma na kidole cha chuma cha kuisukuma kitakosa meno. Mikono ya nyota hukatwa pamoja na silinda, ikabaki myembamba, na baadaye hupinda au hupita juu ya ukingo wa ganda na kuliacha limekwama chini ya nyota. Wamiliki wengi hulaumu springi wakati mkosaji ni tupa ya fundi.

Lakini kukwama kwa ganda ni usumbufu tu. Jambo zito ni shinikizo la gesi. Kwa vipimo vya C.I.P., taasisi ya kimataifa inayoweka viwango vya silaha na risasi, .455 inaruhusiwa kufika bar 900. Kwa taasisi hiyohiyo, .45 ACP inaruhusiwa kufika bar 1,310. Tairi la gari dogo ni bar 2 na kitu, kwa anayetaka kulinganisha. Risasi ya kujaribia bastola mpya kiwandani, ile inayopigwa mara moja huku mtu amejificha nyuma ya kinga, huzidi kiwango kwa asilimia 30. Kwa .455 hiyo ni bar 1,170. Maana yake ni kwamba risasi ya kawaida kabisa ya .45 ACP, iliyopakiwa hadi kiwango chake halali, inaipiga Webley kwa nguvu inayozidi ile ya jaribio. Na jaribio ni la mara moja katika maisha ya silaha, si hamsini kila Jumamosi.

Chuma cha 1915 hakikuwa kibaya. Kilikuwa chuma kilichopimwa kwa mzigo wake, na mzigo ukabadilishwa bila chuma kubadilishwa. Linaloanza kuharibika mara nyingi halionekani. Kitasa cha juu na bawaba ya chini ndivyo vinavyoushikilia mtutu usipae; kila pigo linavivuta kidogo, na baada ya muda mtutu unaanza kutikisika ukiushika kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine. Pengo kati ya silinda na mtutu linapanuka, gesi na vumbi la risasi vinatoka pembeni. Halafu ukuta wa nje wa chumba kimoja, ambao ndio mwembamba kuliko zote, unapata ufa wa unywele. Mpigaji hajui. Siku silinda inapopasuka, hupasukia juu na pembeni, na pembeni ndipo kilipo kidole cha mtu anayependa kuiegemeza bastola kwa mkono wa pili.

Wapo watakaosema wameona Webley iliyokatwa ikipiga .45 ACP miaka kumi na haijapasuka. Ni kweli, zipo. Risasi nyingi za kiwandani hazifiki kiwango cha juu, na baadhi ya silinda zilitoka na chuma kizuri kuliko nyingine. Tatizo ni kwamba ukiishika mkononi huwezi kujua yako ni ipi.

Tulisema tutarudi kwenye shimo la kitako. Webley ina tabia ambayo anayezoea bastola za leo huiona kama kosa: koo la chumba, yaani tundu la mbele la silinda, ni jembamba kuliko sehemu ya ndani kabisa ya mifuo ya mtutu, ile michirizi ya kuizungusha risasi. Kichwa laini kinapita kooni kikiwa kimebanwa, kisha gesi inaingia kwenye shimo la kitako na kukitanua kijaze mifuo. Mfumo mzima unategemea ulaini huo. Ukipitisha kichwa cha .45 ACP kilichovikwa shaba, hakitanuki. Kinabanwa kooni, shinikizo linapanda zaidi, kisha kinaingia kwenye mtutu uliokipwaya na kutoka kikiyumba. Tundu kwenye karatasi ya shabaha linakuwa refu kama la ufunguo. Kwa hiyo hata lengo dogo la kupata risasi za bei nafuu linaishia kwenye bastola isiyolenga.

Ukitaka kuupima mtutu huo, usijaribu kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana. Webley ina mifuo 7, idadi witiri, na mfuo mmoja haukabiliani na mwenzake bali na mwinuko. Fundi anayejua husukuma kipande cha madini laini ya risasi ndani ya mtutu uliopakwa mafuta, kikatoka na alama zote, kisha hukipima kwa kifaa chenye kitako cha umbo la V. Anayewaletea kipimo cha kalipa tupu, msimchapishe.

Webley si peke yake. Ndugu yake wa .38 alipata balaa linalofanana, kwa njia nyingine. Smith & Wesson walitengeneza rivolva iliyoitwa Victory Model, na nyingi zilipelekwa Uingereza wakati wa vita zikiwa na chumba cha .38 S&W, ganda fupi la milimita 19.7. Vita vilipokwisha zilirudi Marekani kuuzwa, na mafundi wakachimba vyumba mbele kwa karibu sentimita moja ili viingie .38 Special, ganda la milimita 29.3. Kuchimba kunaongeza urefu, hakupunguzi upana. .38 S&W ni nene kuliko .38 Special kwa karibu milimita 0.2, kwa hiyo sehemu ya nyuma ya chumba inabaki pana. Ganda likipigwa linavimba nyuma na kubaki jembamba mbele, kama kibuyu, na mara nyingine linapasuka kwa urefu. Mtutu nao ulibaki wa zamani, mpana kwa kichwa kipya.

Mfano wake uko kwenye kumbukumbu za umma. Rivolva iliyomuua polisi J. D. Tippit mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963, ile ya Lee Harvey Oswald, mtuhumiwa wa mauaji ya Rais Kennedy, ilikuwa Victory Model ya namna hiyo, iliyonunuliwa kwa posta, vyumba vimechimbwa, na mtutu wa inchi 5 umekatwa hadi 2 na robo. Wataalamu wa FBI waliiambia Tume ya Warren, iliyochunguza mauaji ya Kennedy, kwamba vichwa vya risasi vilikuwa vidogo kwa mtutu ule na alama zake hazikuwa thabiti, hivyo hawakuweza kuvihusisha na bastola hiyo. Maganda manne yaliyookotwa ndiyo yaliyohusishwa nayo, kwa alama za nyuma. Bastola iliyoharibiwa na fundi iliwasumbua hata waliokuwa na maabara bora kuliko zote za wakati huo. Sheria ya Marekani ya 1968 ndiyo iliyofunga biashara ya bastola kwa posta na kuzuia silaha chakavu za kijeshi zisiingizwe tena kwa wingi.

Tusieleweke kwamba kila badiliko ni uharibifu. Enfield No. 2, rivolva ya .38 iliyoingia jeshini 1932, ilibadilishwa 1938 na wenyewe kiwandani: pembe ya nyundo ikaondolewa, bastola ikawa ya kuvutwa kifyatuo tu, na ikapewa nyota ndogo mwishoni mwa jina lake, Mk I*. Silaha nyingi za awali zilirudishwa kufanyiwa hivyo. Nguvu ya risasi haikuguswa, kazi ikapigwa mhuri, na atakayeishika miaka themanini baadaye anasoma kilichotokea. Ile kazi ya dukani haikuacha mhuri wowote. Bastola iliyokatwa silinda inaweza kuonekana .455 kwa kila alama iliyonayo mwilini, huku kwa ndani imekwisha kuwa kitu kingine.

Kwa walinzi wa makumbusho, kuitambua si kazi kubwa, mradi iwe mbele ya mtu mwenye kibali na silinda iwe imethibitishwa tupu, chumba kimoja baada ya kingine, kwa macho na kwa kijiti. Fungeni bastola, itazameni ubavuni dhidi ya mwanga. Kati ya nyuma ya silinda na ukuta wa fremu kuna pengo. Kwenye isiyoguswa ni kama milimita moja na kidogo. Kwenye iliyokatwa ni zaidi ya mbili, na geji za majani zile za kurekebishia vavu za injini zinatosha kulipima. Kisha ifungueni mtazame uso wa nyuma wa silinda. Ule wa kiwandani una rangi ileile ya mwili mzima, imechakaa sawasawa. Uliokatwa hung'aa kama sarafu mpya, au una mistari ya duara iliyoachwa na ncha ya mashine. Risasi bandia ya .455, isiyo na baruti wala fataki, itapwaya mbele na nyuma ndani yake.

Angalieni pia namba ya silinda kama inalingana na ya fremu, na mitambo ya kuzungusha: vuteni nyundo polepole kwa kidole gumba, silinda inatakiwa ifungike mahali pake kabla nyundo haijashika. Ikichelewa, chumba hakijapangana na mtutu, na kichwa cha risasi kitanyolewa ubavu kikiingia.

Nyufa zitafutwe kwa dawa ya rangi ileile ambayo mafundi wa magari hutumia kwenye silinda hedi. Safisha mafuta yote, pulizia nyekundu, ngoja dakika 10 hadi 20, futa hadi kitambaa kitoke safi, kisha pulizia nyeupe. Ufa unajichora wenyewe. Kama silinda imepigwa nikeli msihangaike na dawa hiyo, kwa sababu nikeli imeuziba ufa juu huku chini ukiendelea kutembea. Nikeli kwenye Webley ya jeshi ni dalili mbaya siku zote. Jeshi halikuziagiza hivyo, kwa hiyo kuna mtu alikuwa na sababu ya kuifunika.

Kung'arisha tu, hata bila kukata, kuna hasara yake. Gurudumu la kung'arishia linafuta mhuri wa taji, mwaka, na ule mshale mpana wa serikali ya Uingereza. Mishale miwili iliyogusana ncha kwa ncha huonyesha kwamba silaha iliuzwa nje ya jeshi kihalali. Ikifutwa, historia yake imekatika hapo. Mihuri ya nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa 1813, ndiyo inayosema bastola ilipimwa kwa mzigo gani. Kwenye nyingi zilizouzwa nje baada ya vita utasoma "6 TONS", yaani tani 6 kwa inchi ya mraba, ambayo ni karibu na zile bar 900. Mhuri huo ulipigwa kwa ajili ya .455. Chuma kikikatwa baadaye, mhuri unabaki ukisema uongo bila kosa lake.

Kwa anayemiliki kihalali huko ng'ambo silinda iliyokwisha kukatwa, zipo klipu zilizotengenezwa kwa unene wa kujaza pengo ili risasi za .455 zenye nguvu ya asili zitumike tena. Hiyo ndiyo njia tunayoiunga mkono, baada ya kipimo cha nyufa. Kulehemu chuma nyuma ya silinda ili kurudisha zile milimita 1.3, kama wengine wanavyopendekeza, ni wazimu: moto wa kulehemu unaharibu ugumu wa chuma cha vyumba vyote sita.

Hapa kwetu mambo ni mafupi. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na zote mbili hazimruhusu mtu wa kawaida kukaa na bastola bila kibali kwa sababu tu aliirithi, wala fundi wa mtaani kuifungua. Anayeikuta kwenye sanduku la marehemu asiifungue aone kama ina risasi. Risasi za miaka mingi zinaweza kuwa zimo bado, na kitasa cha Webley kikifunguliwa kwa nguvu maganda yote yanaruka nje. Aiache ilipo, awapigie polisi waje waichukue.

Kwa picha yenu, tunapendekeza maelezo haya yachukue nafasi ya yale ya mwanzo: "Rivolva ya Webley Mk VI, .455, ya jeshi la Uingereza, aina iliyoanza kutumika 1915." Kuhusu risasi za kuuzwa madukani msiseme neno, hadi mlinzi wa makumbusho aipime silinda na kuwajibu pengo ni milimita ngapi.

Wasomaji wenu,
Tanga